Uzito wa Ibtisam

Asubuhi Mwanalima alipojifungua, mumewe Shuaibu alikaa kizingitini na kapu lake la uvuvi, akichagua chubwi, zile risasi za kuzamishia mshipi. Alitaka kongwe, zilizolika na chumvi hata zikawa laini, zisije zikamkwaruza mtoto. Mama yake, Khamisa, mkunga wa kisiwa kizima cha Kudhaa, alimwambia kutoka ndani azioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha azifungie kwenye kitambaa kizito. Shuaibu akaziosha, akazishonea ndani ya kipande cha kanga. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa ameshapanda mpaka kwenye makuti ya paa, akilia kwa sauti ndogo. Khamisa alikuwa amemfunga uzi kiunoni hata kabla ya kumkata kitovu, kwa hiyo alimvuta taratibu, akamvika chubwi miguuni na kumlaza kifuani pa mama yake. Alikuwa msichana.

Watoto wa Kudhaa huzaliwa wepesi. Si wote, lakini ni wengi, na wamezidi tangu zahanati ifungwe. Mkunga wa kusomea alikwenda Kismayu likizo, likizo ikamnogea, na tangu hapo mbuzi ndio wanaofaidi kivuli cha baraza lake. Mwanamke hubeba mimba kwa mlo mmoja na chai kavu, vidonge vya kuongeza damu huvisikia kwa watu, na mtoto akitoka huwa hana kitu cha kumshikiza ardhini. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Wahenga hao hawakuzaa Kudhaa. Mwaka uliopita Tima, jirani yake Mwanalima, alimfungua mwanawe uzi amwogeshe, na mlango ulikuwa wazi. Mtoto alitoka, akapita juu ya paa la msikiti, akaendelea. Wanaume walimswalia sala ya maiti asiyekuwepo, na Tima akakaa siku zake za uzazi mikono mitupu. Ni jambo la kusikitisha sana, na kila mtu alisikitika.

Mwanalima naye alitokwa na damu nyingi. Khamisa alimkanda tumbo, akamnywesha uji wa pilipili manga, akamsomea alichojua kukisoma, na damu ikapungua bila ya kukoma sawasawa. Siku ya saba mtoto alipopewa jina, Ibtisam, Mwanalima alisimama kuwapokea wageni, na Khamisa akaona kwamba visigino vya mkamwana wake havigusi mkeka. Wageni walipoondoka alimwita mwanawe uani.

"Wanaotaka kupaa sasa ni wawili," akamwambia. "Huyu mkeo si mchu wa kukaa hapa, mwanangu. Mkono wangu umefika mwisho."

Shuaibu aliogopa. Alimpenda mkewe kwa namna ambayo wavuvi wenzake walimtania kwayo, kwamba yeye huiona pwani kabla ya nahodha. Usiku ule alilala ameshika upindo wa nguo ya mkewe.

Muuguzi Zuleikha hufika Kudhaa kwa boti ya mashine pale usalama unaporuhusu na mafuta yanapopatikana, na mambo hayo mawili hayapendani. Safari hii yalipatana. Alitundika mizani yake kwenye boriti ya baraza la zahanati, kwa kuwa ufunguo wa mlango haukuwa na mwenyewe, akawafukuza mbuzi, akaanza kazi. Hospitali yake ya Kismayu ina wodi ya watoto wachanga, na sharti la kupokelewa humo ni mtoto awe chini ya kilo mbili na nusu. Hapo huchukuliwa yeye na mama yake. Ibtisam alitiwa kwenye mkoba wa mizani, mshale ukapita kilo tatu. Zuleikha akasema mashallah, huyu hana neno.

Shuaibu akaeleza habari ya chubwi. Zuleikha akafungua kitambaa, na Ibtisam akapanda na mkoba wake mpaka ukamba ukakaza kuelekea juu. Mshale ulirudi nyuma ukapita sifuri, pahali pasipoandikwa namba. Zuleikha hakushangaa, alikwisha kuyaona hayo visiwa vya Chula na Chovai. Alieleza kwa unyonge, kwa sababu sharti hakulitunga yeye, kwamba chini ya kilo mbili na nusu ana nafasi, ila chini ya sifuri hana. Mtoto asiye na uzito wodi haimjui.

Basi Shuaibu akafanya kazi aliyoizoea. Mvuvi akitaka mshipi wake ukae katikati ya maji, usilale mchangani wala usielee, hupunguza chubwi mpaka upatane. Alimrudishia binti yake risasi moja, akaongeza nyingine, akaitoa akatia iliyo ndogo, huku akiutazama mshale. Wakati huo wote Zuleikha alikuwa amegeuka akiangalia bahari, ambayo siku ile haikuwa na jipya. Shuaibu alipokohoa, aligeuka akasoma mizani.

"Mdogo sana huyu," akasema. "Twendeni naye leo."

Mwanalima alikaa chini kabisa ndani ya boti, kati ya mapipa ya mafuta, Ibtisam kifuani na Shuaibu amemshika kiuno. Kismayu walipanda bajaji. Dereva alimtazama Mwanalima mara moja, akamwambia Shuaibu akae upande ulio wazi amzuie, kisha akalalamika njia nzima juu ya mashimo ya barabara.

Wodini hairuhusiwi kuingiza chuma wala risasi. Zuleikha alimvua Ibtisam kile kitambaa, akamfunga uzi wa wodi, akamwachilia, na mtoto akapanda kujiunga na wenziwe. Dari ilikuwa imejaa watoto. Wengine walitoka visiwani, wengine kambi za wakimbizi za nje ya mji, wote wamepimwa kwa namna ile ile, na kila mmoja alikuwa na uzi uliofungwa kwenye kitanda cha mama yake, na kwenye uzi kitambaa chenye jina. Zuleikha alieleza kwamba mashine za kuwapa watoto joto zipo, ila umeme huja na kwenda, na kwa kuwa joto hupanda juu, darini si mahali pabaya. Tatizo lilikuwa ngazi. Ilikuwapo moja, na akina mama walipeana zamu ya kuipanda kunyonyesha.

Mwanalima hakuihitaji. Aliachia ukingo wa kitanda, akapanda, akamchukua mwanawe na kumnyonyesha pale pale, mgongo umeegemea dari. Kwa siku mbili tatu alikuwa mtu mwenye faida kubwa kuliko wote wodini. Aliwasogezea watoto kwa mama zao waliokuwa kwenye ngazi, akawatoa waliojibana nyuma ya pangaboi, akawageuza waliolalia sikio. Wanawake walimwombea dua kutoka chini. Mmoja alimtania kwamba Mungu amempa ghorofa wakati wenziwe wanalilia vyumba, na Mwanalima akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Lakini daktari alisema anahitaji damu, tena upesi. Shuaibu akakunja mkono wa shati. Wachukuzi wa bandarini, ambao hawakumjua, wakaja wakakunja ya kwao, na damu ya wawili ikalingana na ya Mwanalima. Damu ilikuwapo tele mikononi mwa watu. Kilichokosekana ni mifuko ya kuitilia. Mifuko ilikuwa imeombwa, pamoja na jokofu na mkunga wa pili, na afisa wa mradi wa misaada alitarajiwa wiki hiyo kuja kuangalia kama wodi inastahili kupewa.

Afisa alikuja kweli, mtu mpole wa makamo. Alitoa salamu mlangoni, akatazama juu, akawajulia hali watoto na mama zao, akawaombea. Kisha akavikagua vitanda. Vingi vilikuwa vitupu na shuka zimetandikwa vizuri, kwa sababu Zuleikha hapendi ovyo. Mwanalima aliona anavyovitazama. Hakuwa mwanamke wa kusema na wanaume asiowajua, lakini alisema.

"Sisi tuko huku yuu, ndugu yangu. Wagonjwa ndio sisi."

"Nawaona, abayo, dada yangu," afisa akajibu. "Mungu awaponye. Lakini mgonjwa kwetu ni aliye kitandani. Na vitanda vyenu havina watu."

Zuleikha alibishana naye mpaka getini. Afisa alimsikiliza neno kwa neno, akakubali kwamba ana haki, akaondoka. Mifuko, jokofu na mkunga wa pili vikaenda mji mwingine ambao vitanda vyake vimejaa. Mwanalima alishikwa na hasira, na hasira nayo haikumwongezea uzito. Aliona kwamba iliyobaki ni kazi yake mwenyewe, akamnyonyesha Ibtisam mchana na usiku, kila alipofungua mdomo.

Ibtisam alinyonya kama aliyetumwa. Mashavu yakajaa, mapaja yakapata mikunjo. Asubuhi moja, akiwa mikononi mwa mama yake, alianza kushuka, na mama yake akashuka naye, polepole, mpaka wote wawili wakakaa juu ya godoro. Wanawake wakapiga vigelegele. Shuaibu alilia waziwazi, akampokea binti yake ampakate, na mkewe akarudi juu mpaka dari ikamzuia.

Wakajaribu tena. Mtoto akiwa mikononi mwake, Mwanalima alikaa chini. Mtoto akitolewa, alipanda. Daktari alisema ndivyo ilivyo, damu ya mama imegeuka maziwa na maziwa yamegeuka mtoto, sasa uzito wa nyumba nzima uko pahali pamoja. Aliongeza kwamba wodi ile ni ya watoto wachanga na mtoto huyu amepona, alhamdulillahi, kwa hiyo kitanda kinahitajika. Shuaibu aliuliza wodi ya akina mama iko wapi. Daktari alimwonyesha kutoka dirishani, jengo zuri, limeezekwa nusu.

Zuleikha aliwasindikiza mpaka bandarini. Alimrekebishia Mwanalima mtoto kiunoni, akambana kwa kanga na kukaza fundo.

"Usimweke chini," akamwambia. "Mifuko ikipatikana nitakuja mwenyewe na boti."

Walirudi Kudhaa kukiwa bado mchana, na watu wakawapokea kwa furaha. Siku ya arubaini wanawake waliokuja walitaka kumpakata mtoto mnene, na mtoto siku hiyo hanyimwi mtu. Akapita mikononi mwa wote, huku Khamisa amemshika mkamwana wake kifundo cha mguu na kuendelea kuwahimiza wageni wale halua. Hakuna aliyeona ajabu. Mwanamke mmoja, mwenye mimba kubwa, alimwuliza Khamisa kwa upole kama huko juu mtu husikia baridi.

Miezi imepita. Mifuko haijaja, zahanati ingali na mbuzi, na yule mwanamke mwenye mimba alikwisha kuzaa, na mumewe alichagua chubwi. Mwanalima hupika, hufua na husali na mtoto mwilini. Ila Ibtisam sasa amefikia kutambaa. Hujinyonganyonga akiitaka sakafu, akamsukuma mama yake kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kubwa ya mtoto aliyeshiba. Mwanalima humbembeleza, humwambia asubiri kidogo, boti ya Zuleikha iko njiani. Mtoto haelewi boti.

Siku ambazo kilio humshinda, Mwanalima humfungua, humweka mkekani na kumwachia. Ibtisam hutambaa mpaka kwenye kinu, huzunguka mtungi, hurudi, na mama yake humwangalia kutoka kwenye makuti, akimwita jina ili asiende jikoni penye moto. Mtoto huinua uso, hucheka, huendelea na safari zake. Shuaibu akirudi kutoka baharini huwakuta hivyo. Huosha mikono, humwinua binti yake juu kwa urefu wa mikono yake yote, na mkewe humpokea na kushuka, wakala chakula.