Mita Arobaini na Mbili

Barua ya mwalimu mkuu ilikuwa ya mistari minne. Kisima cha shule kilichokabidhiwa mwaka juzi kilikuwa kimekauka, watoto walikuwa wakifuata maji mtoni, na yeye alikuwa anaomba mtu aje kutazama. Mkuu wa ofisi ya maji aliisoma akiwa amesimama, akaiweka juu ya meza ya mkaguzi wa visima.

"Mvua zimechelewa," alisema. "Mjibu hivyo, tuendelee na kazi."

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Wachimbaji walimwita Mama Futi kwa sababu ya ile futi yake ya mita mia moja, yenye kipande cha chuma mwishoni, iliyokaa ndani ya mkoba wake kama vile wengine wanavyobeba mwavuli. Hakumjibu mwalimu mkuu. Kesho yake asubuhi alichukua gari la ofisi na fundi wa pampu, wakaenda.

Fundi wa pampu alikuwa mzee mcheshi aliyezoea kuongea na vyuma. Alifungua kichwa cha pampu, akavuta mabomba yake moja baada ya jingine huku akiyatukana, mpaka shimo likabaki wazi. Mama Futi aliteremsha kile chuma polepole. Alitarajia kushusha kwa muda mrefu, maana kwenye cheti kina kilikuwa mita themanini. Futi ililegea mkononi mapema. Alisoma namba, akavuta, akashusha tena.

"Arobaini na mbili," alisema.

"Labda kimejaa tope."

"Chuma kimegonga jiwe. Sikiliza."

Alikiinua kidogo, akakiachia. Mlio mkavu ulipanda kutoka chini. Fundi alivua kofia, akajikuna kichwa, akasema, "Basi nusu ya kisima hiki ilichimbwa kwenye karatasi."

Mkaguzi alitoa nakala ya cheti aone ni nani aliyekipitisha. Kati ya saini tano, ile ya mkaguzi ilikuwa yake.

Alikaa juu ya ukingo wa zege. Yalimjia yote bila kuyatafuta: wiki ile gari lilikuwa halina matairi, vyeti sita vililetwa pamoja, na yeye alivitia saini vyote kabla ya kikao, chai ikiwa bado mkononi. Wala hakupewa chochote. Mchimbaji wa visima vyote sita alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu ambaye ungemwita usiku wowote angekuja na gari lake. Hakuona sababu ya kumpima.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa mdogo wake. Shemeji alimpokea kwa utani wake wa kila siku, kwamba leo Mama Futi amekuja kupima sebule. Mdogo wake alileta chai. Mkaguzi hakuigusa.

"Shemeji, kile kisima cha shule ni mita arobaini na mbili."

Shemeji aliacha kucheka, lakini hakukana wala hakuapa.

"Tulifika kwenye mwamba," alisema. "Ulinivunjia meno ya kuchimbia mara mbili kwa siku moja. Halafu maji yalikuwa yameshatoka, watu wanapiga makofi, mwalimu mkuu ananishika mkono. Ningewaambia nini? Ngojeni, bado?"

"Ungeandika arobaini na mbili."

"Na nilipwe nusu?"

"Ulipwe ulichochimba."

"Sawa. Na wewe ungekuja kuona." Hakulisema kwa hasira. "Sikukuficha, shemeji. Nilisubiri uje na futi yako. Siku ya kwanza, siku ya pili. Hukuja. Cheti kikarudi kimesainiwa, nikajua kumbe ndivyo mambo yanavyokwenda."

Mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, ndiye aliyesema.

"Dada, ukiandika ripoti, jina la kwanza humo litakuwa lako."

"Najua."

"Na mume wangu je?"

"La pili."

Mdogo wake aligeuka, akarudi jikoni. Hakutoka tena mpaka mgeni alipoondoka.

Wiki mbili zilizofuata, mkaguzi alipima visima vitano vilivyobaki katika lile rundo la vyeti. Viwili vilikuwa sawasawa na karatasi. Vitatu vilikuwa vifupi, kimoja kwa mita tisa tu, kana kwamba mchimbaji aliona haya katikati ya njia. Aliandika ripoti ya kurasa tatu. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba yeye, mkaguzi, alithibitisha visima sita bila kufika kwenye hata kimoja.

Mkuu wa ofisi aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Unataka kujichimbia kaburi, hilo ni shauri lako. Lakini wafadhili wakiona hii watafunga mradi wote. Badilisha kidogo. Andika kina cha maji kimeshuka. Ni kweli, maji si yameshuka?"

"Maji yameshuka. Shimo halikupanda."

"Mama Futi, usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii, bosi."

Ripoti ilikaa kwenye droo ya mkuu siku tisa. Siku ya kumi mkaguzi alisimama mbele ya kile kibao cha mradi kilichokuwa kwenye geti la ofisi, ambacho alikipita kila asubuhi kwa miaka minne. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na anwani ya wafadhili kwa mtu yeyote mwenye malalamiko. Aliinakili kwenye kiganja cha mkono, akaenda posta na nakala ya ripoti.

Mambo yalikuja kama mkuu alivyosema. Mradi ulisimamishwa miezi mitano. Kijiji kilichokuwa kinafuata kwenye orodha kilibaki bila kisima, na mwanamke mmoja wa kule alimfuata mkaguzi sokoni, akamwambia mbele za watu, "Wewe nyumbani kwako una bomba. Ungetuachia hata hicho kifupi." Mkaguzi alisimama na kikapu chake akamsikiliza hadi mwisho. Hakujitetea, kwa sababu hakuona mahali mwanamke yule alipokosea.

Wachunguzi walikuja wawili. Walipima upya, wakahoji kila mtu. Mkuu wa ofisi alihamishiwa makao makuu, kwenye ofisi kubwa kuliko ile ya kwanza. Shemeji aliamriwa kuchimba upya visima vinne kwa gharama zake, la sivyo asipewe tena kazi ya serikali. Aliuza gari lake dogo. Mkaguzi alipewa onyo la maandishi na kunyang'anywa haki ya kutia saini kwa mwaka mzima. Mdogo wake aliacha kupokea simu.

Siku ya mwisho ya mahojiano, mchunguzi mmoja alimwuliza afanyeje mtu ili jambo hili lisirudi. Alikuwa tayari ameandika pendekezo lake: saini ya sita iongezwe kwenye cheti.

"Tano zilizopo hazikushika," alisema Mama Futi. "Kila mmoja aliona saini ya mwenzake akaridhika. Hata ukiweka ishirini, tutakuwa watu ishirini tulioridhika."

"Basi nini?"

"Bomba moja la kuchimbia lina mita tatu. Huhitaji kusoma ili kulihesabu. Wachimbaji wayapange mabomba chini kabla mtambo haujawashwa, na watu watakaokunywa maji wahesabu yanavyoingia. Cheti kiandikwe palepale, shimo likiwa wazi, mbele yao. Ofisini kije kufungwa kwenye faili tu."

Mchunguzi aliandika. Alimwuliza kama wanakijiji wataweza. Mkaguzi alimjibu kwamba hajawahi kuona mwanamke wa kijijini anayeshindwa kuhesabu ndoo zake.

Wakaanza na shule. Mama Futi alikwenda kama mtazamaji, maana saini hakuwa nayo. Mabomba thelathini yalilazwa sambamba kwenye majani, na akina mama saba walichaguliwa kuhesabu kwa zamu, kila mmoja na chaki yake, mistari ikipigwa kwenye ukuta wa darasa. Shemeji alimsalimia mkaguzi kwa kichwa, akawasha mtambo. Kelele na vumbi jeupe vikatawala uwanja mzima siku mbili.

Alasiri ya pili palizuka ubishi. Shemeji alipaza sauti kwamba yameingia ishirini na sita. Akina mama walisema ishirini na tano, na mmoja wao, mnene mwenye sauti ya mamlaka, alikwenda kusimama mbele ya mtambo mikono kiunoni.

"Zima! Umeshatuzoea wewe."

Shemeji alizima. Alikuwa mweupe kwa vumbi tangu nywele mpaka viatu. Alimtazama mkaguzi, lakini mkaguzi aliwageukia akina mama.

"Hesabuni yaliyobaki," alisema shemeji.

Walihesabu. Yalibaki manne. Ikaonekana kwamba wakati wa kubadilishana zamu, mama mmoja alikwenda kunawa na bomba likapita bila mstari.

"Sasa mnanipunja nyinyi!" alisema shemeji. Ilianza kama lawama, ila katikati sauti ilimgeuka ikawa kicheko, na yule mama mnene naye akashindwa kujizuia. Akauendea ukuta, akapiga mstari wa ishirini na sita, mrefu kuliko yote.

Jioni waliingiza la ishirini na saba, wakasimama. Mita themanini na moja. Mama Futi alikabidhi futi yake kwa mwalimu mkuu, naye akashusha mwenyewe, watu wakimzunguka kimya kama wanaosikiliza moyo wa mgonjwa. Ilikubali. Cheti kiliandikwa juu ya boneti la gari, na shemeji alitia saini baada ya akina mama wote saba, wawili wao kwa dole gumba.

Alipokuwa akifunga turubai la mtambo, alimpita mkaguzi.

"Kuchimba hivi kunachosha," alisema. "Lakini leo nitakwenda kulala, sitakwenda kufikiri."

Mkaguzi alimwuliza habari za mdogo wake.

"Mzima. Ana hasira zake. Mpe muda."

Muda ulikuwa mrefu. Mdogo wake alianza na ujumbe wa maneno mawili siku baba yao alipolazwa, halafu simu fupi, halafu akaja mwenyewe Jumapili moja na kukaa kwa dada yake mpaka saa kumi. Waliongea juu ya dawa za baba na karo za watoto. Visima hawakuvigusa.

Mwaka ulipokwisha, mkaguzi alirudishiwa haki ya saini. Juma lile lile alipanda gari la ofisi kwenda kwenye kile kijiji cha mwanamke wa sokoni, ambako mabomba yalikuwa yameshapangwa chini.