Nyumba ya Juni Kumi na Tatu

Jumanne saa tatu asubuhi, Lorna Hruska alijifuta vidole mafuta ya mkate wa soseji, akavuta kompyuta, akaisogeza Juni ikawa Agosti. Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba za wanaanga huko Houston, mwaka wa kumi na tisa sasa, na alijua kwamba ukigusa tarehe moja umezigusa zote. Chombo kipya hakikuwa tayari, kwa hiyo wanaanga wapya hawaendi. Wapya wasipokwenda, walioko kwenye kituo cha anga hawashuki. Mmoja wa hao alikuwa Marisela Pruitt, jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Aliaga kwa miezi sita, na huu ulikuwa wa nane.

Katika ofisi ile tarehe haiandikwi peke yake. Hutanguliwa na maneno matatu: si kabla ya. Anayetaja siku bila maneno hayo hutazamwa kama mtu aliyekuja kazini bila viatu. Lorna aliandika, "Kurudi: si kabla ya tarehe 9 Agosti," akaenda kujimiminia kahawa.

Shida ni kwamba Marisela alikuwa amemwahidi bintiye Josie kuwa siku atakayotimiza miaka minane, Juni kumi na nne, watakata keki pamoja. Siku hiyo ilipofika Houston, haikufika kwa akina Pruitt. Mtaa mzima uliamka kumi na nne. Nyumba yao, kuanzia sanduku la barua hadi ua wa nyuma, ikaamka kumi na tatu tena. Dale, mume wa Marisela, aliokota gazeti kibarazani, akaona ni la jana, akalisoma. Kesho yake aliokota lilelile.

Watu walizoea. Nyasi za Dale ziliacha kukua, na chama cha wenye nyumba, kinachopima urefu wa nyasi za kila mtu mtaani, kikamwandikia barua ya pongezi. Keki ya nazi ilibaki laini mezani. Novemba ilipoingia, Josie alitundika sweta lake kwenye sanduku la barua: akitoka kwenda shule analivaa, akirudi analivua, maana ndani ya uzio ilikuwa Juni na jua kali. Wenzake walitimiza minane, yeye akabaki na saba, na jino la mbele lililoshikwa na uzi mmoja tu wa fizi.

"Bi Lorna, jino langu limechoka," alisema siku moja Lorna alipowapelekea mikate.

"Hata mimi nimechoka, mama."

"Si wewe ndiye unayeandika tarehe?"

"Naandika tu."

"Basi andika nzuri."

Lorna alirudi kwake na aibu ya mtu mzima aliyeshindwa na mtoto. Asubuhi alifungua ratiba. Palikuwa pameandikwa, "Kurudi: si kabla ya tarehe 3 Desemba." Akayafuta yale maneno matatu.

Saa nne Dale alipiga simu. "Lorna, gazeti la kumi na nne limekuja. Na jino limetoka, analo mkononi."

Lorna alijifungia kwenye chumba cha mashine ya kunakilia, akalia kwa furaha.

Baada ya chakula cha mchana alikuja Gerald Stubblefield, mkuu wa ratiba.

"Nani kawaahidi watu Desemba?"

"Mimi."

"Kwa chombo gani, mama?"

"Cha zamani. Kipo kituoni na kinafanya kazi. Kinaweza kumshusha hata leo."

"Tukimshusha kwa hicho kabla wapya hawajafika, itaonekana chombo kipya kimeshindwa na tumechelewa."

"Tumechelewa, Gerald."

"Si kwenye karatasi." Akainama, akayarudisha maneno yake matatu.

Saa nane Dale alipiga tena. "Jino limerudi."

"Linamuuma?"

"Hapana. Kasema 'haya' tu."

Lorna alikata simu, akamsimulia Gerald yote, gazeti, sweta na jino, akitumaini ataona haya. Gerald alisikiliza kwa makini kuliko kawaida yake.

"Kwa hiyo kwao bado ni Juni."

"Kumi na tatu."

"Basi pale hatujachelewa."

Tangu wiki ile mkutano wa ratiba wa kila Alhamisi ulihamia kwenye meza ya chakula ya akina Pruitt. Wakubwa saba walitundika makoti juu ya sweta la Josie, wakaketi, na safari zote zikawa ndani ya wakati. Wakaguzi walikuja kutoka Washington, wakatazama gazeti, wakatia saini. Habari ya chombo cha zamani haikutajwa tena.

Alhamisi ya pili Gerald alichukua kisu, akaisogelea keki.

"Ya nani hii?"

"Yangu," alisema Josie, akilisukuma jino kwa ulimi. "Mnakata kesho, Mama akija."

Gerald alitazama tarehe ya gazeti, akaridhika. "Basi muda upo," alisema, akakirudisha kisu.

Lorna, kwenye pembe ya meza, hakumtazama mtoto usoni. Aliandika, "Kurudi: si kabla ya tarehe 20 Februari." Josie alisubiri amalize, akaifunika keki.