Kopo la Vifungo

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaja kulalamikia suruali yake, Fundi alimtungia mkewe uzi. Macho ya mke huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Matundu kwa kuwa kazi yake ilikuwa kushona matundu ya vifungo, yalikuwa yamekwisha kubwaga manyanga. Basi Fundi angelamba ncha ya uzi, aupitishe kwenye sindano na kusema, "Haya, kipofu wangu." Naye angejibu, "Asante, sura mbaya." Miaka ishirini na minane ya ndoa, na akiba yao ya matusi ilikuwa bado haijaisha.

Asubuhi hiyo Fundi alilamba uzi, akakosa tundu. Akalamba tena, akakosa. Mara ya tatu sindano ilimponyoka, akaukumbatia mkono wake wa kulia kama mtu aliyebanwa na mlango.

"Lete huo mkono," alisema Bi Matundu.

"Niulete wapi? Si uko hapahapa ulipozaliwa?"

Aliuvuta kwa nguvu. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba na kung'aa, ncha yake ya manjano kwa usaha. Siku nne nyuma kilichomwa na sindano, jambo la kawaida kwa fundi yeyote. Kilichomkata maini Bi Matundu ni mstari mwekundu uliotoka kidoleni ukapanda hadi karibu na kiwiko, umenyooka kana kwamba umepigwa rula.

"Umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya cherehani. Yanalainisha chuma, yatashindwa na nyama?"

"Na umemeza nini?"

Fundi akatazama dari. Jibu lilikuwa kwenye kopo la vifungo. Mafundi wa mtaa ule walikuwa na desturi yao: mgonjwa akipata nafuu, vidonge vilivyobaki havitupwi. Vinatiwa kwenye kopo hilo, na atakayeugua baadaye anajichagulia. Vyeupe vya kichwa, vya rangi mbili vya ugonjwa wowote wenye heshima. Fundi alikuwa amemeza vitatu vya rangi mbili, uvimbe ukapungua kidogo, akawaachia wenzake viwili. Mtu mkarimu.

"Na jana nilitetemeka," aliongeza. "Kidogo tu."

Bi Matundu alimkokota hadi zahanati kama jora la kitambaa. Njiani alikuwa na neno la kumwambia, lakini lilipotoka likawa jingine: "Ukikatwa mkono, usitegemee nikukune mgongo."

Daktari alikuwa binti mwembamba, umri wa mtoto wao wa mwisho. Aliutazama ule mstari, akaacha kutabasamu.

"Baba, bakteria hawa hawakutoka mbali. Wanaishi kwenye ngozi yako siku zote."

"Bila kulipa kodi?"

"Bila kodi, na kwa amani. Sindano ikiwafungulia mlango, wanaingia ndani na kuzaana. Mmoja anajigawa wawili, wawili wanakuwa wanne, na kabla siku haijaisha ni mamilioni. Wengine wanatoa sumu inayoharibu nyama. Askari wa mwili wako wanakuja kupigana nao, na huu usaha ni maiti za pande zote mbili."

"Kumbe nimebeba makaburi kidoleni."

"Na huu mstari maana yake wamepata njia ya kupandia. Wakienea kwenye damu, wanaua."

"Lakini dawa nilimeza! Vitatu, vya kwenye kopo letu la vifungo, walivyobakiza wenzangu."

"Ulimeza vitatu, vya mtu mwingine. Huenda umeua wanyonge ukabakiza wababe. Nani mwingine anakula kwenye hilo kopo?"

Bi Matundu aliwataja bila huruma: mshona mapazia na koo lake, mpiga pasi ambaye mkojo ulimchoma wiki nzima, mkata vitambaa aliyeota jipu mahali asipoweza kukalia.

"Na kila mmoja alimeza mpaka akajisikia vizuri, akaacha?"

"Tunabana matumizi, mwanangu," alisema Fundi kwa fahari.

Daktari alifumba macho kidogo. Kisha akaeleza: kidole kitapasuliwa leo hii, usaha utoke, na Fundi atalazwa siku mbili tatu akipewa dawa kwa mshipa.

Fundi akasimama. "Haiwezekani. Jumamosi nina suti ya bwana harusi, suruali haijapata hata pindo. Nipe vidonge, safari hii namaliza vyote, naapa."

"Vidonge peke yake havitoshi tena, baba."

"Bi Matundu, mwambie mtoto wa watu. Bwana harusi aende kuoa na chupi?"

Akamgeukia mkewe, akingoja amtanie ili wacheke, na wakishacheka waende zao nyumbani. Bi Matundu alifungua mdomo. Matusi yalikuwa yamepanga foleni, makali yote, tayari kutoka. Aliutazama ule mstari. Ulikuwa umeshapita kiwiko.

"Aende na taulo," alisema, na sauti ikamkatikia. "Mimi naogopa, baba watoto. Naogopa tangu asubuhi. Nakupenda, na sitaki kuwa mjane kwa sababu ya kidole."