Mashine Ni Nzima

Asubuhi Mama Mdogo alipoamriwa amwage begi lake mezani mbele ya wapakiaji wote, fundi wa mtandao alikuwa juu ya ngazi katikati ya bohari, bisibisi mkononi, na jibu la swali lote lile kichwani.

Kutoka kule juu aliona kila kitu kikitoka begini: kitana, kopo la mafuta, kilemba kilichokunjwa, vidonge vya presha. Hapakuwa na kisanduku hata kimoja cha vipuri vya pikipiki.

"Leo hamna," alisema meneja. "Vya wiki iliyopita vilikwenda wapi?"

"Bosi, niliviweka pale pale meza ya kutolea mizigo. Nikaviskani, mashine ikalia pii, nikaondoka zangu."

"Mashine ya nani hailii pii? Mbona vya wenzako havipotei?"

Jibu la hilo fundi alilijua. Vya wenzake havikupotea kwa sababu wenzake hawakukimbia. Kila mkusanyaji alikuwa na rafu zake, akizunguka mumo humo kama kuku wa banda. Mama Mdogo peke yake ndiye aliyepewa oda za haraka, akilikata bohari toka mwisho hadi mwisho kwa ule mwendo uliomfanya Kipaza, mpakiaji mwenye mdomo usio na pazia, ambandike jina la Ambulensi. Akikitoa kisanduku rafuni, anakiskani kwa mashine ya mkononi; akikifikisha mezani, anakiskani tena. Kompyuta ilipokea skani ya rafuni, ya mezani ikaikosa. Kwa akili yake, vitu viliingia mkononi mwa Mama Mdogo vikaishia humo. Navyo vilikwishasafirishwa zamani, na hakuna dereva aliyekumbuka alibeba nini.

Fundi alikuwa ameugundua ukweli muda mfupi tu kabla, baada ya kuifuata njia ya Mama Mdogo na mashine ya akiba. Visahani vyeupe vya darini vinavyorusha mtandao alivifunga yeye. Siku ile alichoka kuzunguka akipima, akavipa vyote nguvu ya mwisho, akajisemea kwamba penye nguvu hapaharibiki neno. Paliharibika. Kila kisahani kilipiga kelele hadi kwa jirani, na mashine ya mtu anayekimbia ikawa bado inakisikia kile cha rafu alizoziacha nyuma, ikakiganda kama kupe, haitaki kuhamia cha karibu. Ilipokuja kuachia, taarifa ya kilichoskaniwa mezani ilikuwa imepotea hewani, na pii imeshalia.

Angeweza kushuka ngazi akayasema hayo. Lakini alikuwa bado katika kipindi cha majaribio, na aliyembembeleza meneja ampe kazi alikuwa Mama Mdogo huyo huyo, mdogo wake mama, mwenye nyumba anayolala. Akabaki juu, akajifanya anakaza skrubu.

Wapakiaji walipokwenda kula, alifungua kompyuta yake. Akashusha nguvu ya visahani vyote, akaviamuru viiachie mapema mashine inayokwenda mbali. Akakimbia nayo kujaribu. Ikahama toka kisahani hadi kisahani kama mgeni anayepokewa kila mlango. Akashusha pumzi. Tatizo limekwisha, alijiambia, na la Mama Mdogo litapoa lenyewe.

Halikupoa. Alasiri meneja alikuja na visanduku kwenye toroli.

"Haya, Mama. Unasema mwizi ni mashine. Tembea kama unavyotembea siku zote, sote tuone."

Mama Mdogo hakutembea, alipaa. Alitoa, akaskani, akakata kona, akaweka, akaskani. Akarudia kwa njia nyingine, akarudia tena. Kila kisanduku kilijitokeza kwenye skrini, kitiifu, bila kukosa hata kimoja. Wapakiaji wakaanza kutazama viatu vyao.

Akageuka, jasho likimchuruzika shingoni. "Mwanangu, wewe unazijua hizi. Waambie."

Macho yote yakamwangukia fundi.

"Mashine ni nzima," alisema.

Lilikuwa neno la kweli, na katika maisha yake hakuwahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Alikuwa amelifukia shimo alilolichimba mwenyewe, na Mama Mdogo akiwa ndani.

Jioni nyumbani alingoja alaumiwe, hakulaumiwa. Mama Mdogo alikuwa akimpigia pasi shati la kazi.

"Labda nazeeka," alisema. "Labda nilisahau kuskani. Lakini mtu asahau vyote vile?"

"Pumzika, Mama."

"Nitapumzika tu. Kesho ananifukuza." Akaligeuza shati, akainyoosha kola kwa kidole. "Wewe usijitie kunitetea. Shika kazi yako."

Fundi alitamani pasi iliunguze shati lile, ili angalau kitu kimoja humo ndani kimfanyie alichostahili.

Asubuhi, kabla meneja hajafungua kinywa, fundi alisimama mbele yake.

"Bosi, leo kimbia wewe."

"Nikimbie?"

"Shika mashine. Njia ile ile ya Mama, mwendo ule ule."

Meneja akamtazama, akaitazama hadhara, akakimbia, kitambi kikimtangulia.

"Ambulensi mpya hiyo!" Kipaza alipaza. "Breki haina!"

Skrini ilionyesha visanduku vimetoka rafuni. Mezani havikufika. Na bado meneja alikuwa ameviegemea, akihema.

"Bosi, lete begi tulipekue," alisema Kipaza, na kicheko kikapasuka, kisha kikakatika, maana fundi hakucheka.

"Ni mimi," alisema. "Visahani niliviweka vibaya tangu mwanzo. Jana mchana nikavitengeneza kimyakimya, ndiyo maana Mama alipojaribu hakikupotea kitu. Leo nimevirudisha katika ubovu wake makusudi, uone kwa macho yako."

"Jana ulisema mashine nzima."

"Ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeshaitengeneza."

Meneja alivuta pumzi ndefu. "Rekebisha. Ukimaliza njoo ofisini, na vitu vyako." Kisha kwa sauti ya chini, "Mama, nisamehe."

"Ulinipekua kwa sauti kubwa, bosi," alijibu Mama Mdogo. "Samahani nayo isinong'one."

Ikabidi airudie, mpaka wa mwisho kule getini akasikia.

Fundi akapanda ngazi. Safari hii aliamua kupima kila kisahani mahali pake, na kazi hiyo yataka mtu wa kutembea chini na mashine. Wapakiaji walitazamana. Mama Mdogo ndiye aliyeichukua.

"Imehama?" fundi aliuliza.

"Bado."

Akapunguza kidogo. "Sasa?"

"Imehama."

Wakaenda hivyo, rafu baada ya rafu, mmoja juu, mmoja chini. Fundi alikuwa akisubiri neno la tatu. Tusi lingetosha. Hata jina lake lingetosha.

"Bado," alisema Mama Mdogo, akiitazama mashine. "Imehama."