Neno Nyuma ya Khanga

Homa ya uti wa mgongo ilimwachia Vumilia sauti, ikachukua masikio. Alijifunza kusoma midomo tangu utotoni, na kazi ya kushona magunia kwenye mashine ya mpunga pale Kahama ikamfaa kuliko wote. Ngurumo ikianza, hakuna aliyemsikia mwenzake. Walitazamana vinywa, na yeye ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuelewa.

Korona ilipoingia, Harish, mwenye mashine, aligawa barakoa. Asubuhi moja vinywa vyote vikatoweka. Ngusa, msimamizi, akifoka, Vumilia aliona macho tu, mekundu, hajui kosa ni lipi. Siku chache baadaye lori lilirudi nyuma. Wenzake walipiga kelele wakaruka. Yeye alivutwa mkono, tairi likiwa limeshakanyaga pindo la gauni.

Harish akamwita pembeni, akashusha barakoa.

"Dada Vumilia, nenda nyumbani. Ugonjwa ukiisha, utarudi."

Ndicho kinywa pekee alichokiona kazini wiki ile.

Nyumbani walikuwa wawili, yeye na mama yake, Justa. Mama akaanza kufulia watu nguo ili wale. Akirudi alikaa ameupa ukuta uso. Jirani yao, Noela, ndiye aliyemshika Vumilia bega na kumgeuza.

"Mama yako anakohoa hivyo, nawe umekaa tu?"

Mama alikataa hospitali. Alisema wanaoingia hawatoki. Basi Vumilia akawa anashinda kitandani, kiganja mgongoni mwa mama, akisikiliza pumzi kwa mkono.

Adhuhuri moja Mama alimtazama sana. Akajifunika khanga mdomoni asimwambukize, akasema kitu. Khanga ikatikisika.

"Mayu, toa khanga. Sioni unachosema."

Mama akatikisa kichwa, akarudia. Khanga ikainuka, ikashuka, ikatulia. Kiganjani hakukuwa na pumzi tena.

Barakoa zilipoachwa, Harish alimrudisha kazini kama alivyoahidi. Vumilia anashona, anataniana na wenzake, hata Ngusa anamsifu. Ila akiwa peke yake hujifunika khanga ileile mbele ya kioo, akatamka neno mojamoja, akiangalia kitambaa. Jina lake. Kwaheri. Usilie. Ameyajaribu kwa Kiswahili, akayajaribu kwa Kisukuma.

Analoliogopa ni "maji". Hilo linakaribia kuitikisa khanga kama siku ile.