Kiraka Pasipo Tundu

Wapo watu wanaomwonea wivu tajiri, wapo wanaomwonea mwenye mke mzuri, na hao tunawaelewa. Lakini huyu mwokaji mikate, aliyeitwa Tanuri na wenzake kwa jinsi alivyofuka akipanda mlima kwa baiskeli, yeye kijicho chake alikiweka kwa mtu wa mwisho. Ndiyo, wa mwisho kabisa, yule anayehema na kuyumba huko nyuma. Usicheke kwanza, subiri.

Kila kiangazi, matope yakishakauka, kikundi chao kidogo kilikuwa kikitoka mjini na baiskeli za milimani, kikapanda vilima, kikavuka uwanda wa juu, kisha kikateremka upande wa pili. Na kwa miaka mingi wa mwisho alikuwa Tanuri mwenyewe. Tumbo lilikuwa la mtu anayeonja kila anachooka, na baiskeli, aliyoachiwa na shemeji yake, ilikuwa nzito kama kitanda cha chuma. Mapacha wa duka la simu walichomoka mbele na kupotea. Lakini Tanuri hakuwahi kubaki peke yake, kwa sababu nyuma yake alikuwepo Kinyozi.

Chumba cha kunyolea cha Kinyozi kilitazamana na duka la mikate, barabara tu katikati, na watu hao wawili walikuwa chanda na pete tangu walipokaa dawati moja. Kinyozi alikuwa mwembamba, miguu misuli mitupu, ila mlimani alijipanga nyuma ya mwenzake wakaenda polepole wakipiga soga. Mteremkoni vilevile. Wakifika chini Kinyozi hushuka, akakunjua vidole na kuvipigapiga pajani kama vimelala usingizi. Tanuri akimuuliza, humjibu, "Aa, mikasi tu hii, kazi ya kutwa." Na Tanuri akisema, "Samahani ndugu yangu, nakuchelewesha," jibu lilikuwa lilelile siku zote.

"Nani kakwambia nina haraka?"

Tanuri aliyapenda maneno hayo kuliko alivyojua.

Sasa sikiliza ujinga wa mtu mzima. Msimu wa mvua uliopita alikaa akawaza: huyu mwenzangu ananisubiri tangu ujana, nimchoshe mpaka lini? Akanunua baiskeli mpya, nyepesi, giya zake ukizigusa tu zinaitika. Akaacha kuonja. Asubuhi, mikate ya kwanza ikishatoka, alimwachia mkewe duka akaenda kupanda na kushuka kilima cha nyuma ya mji, mvua imnyeshee, jasho limtoke, tumbo likaanza kurudi lilikotoka. Kinyozi hakuambiwa neno. Ilikuwa iwe zawadi: kiangazi kikija watapanda bega kwa bega, na rafiki yake hatasubiri tena.

Kiangazi kikaja. Safari ya kwanza Tanuri alikanyaga pedali kama aliyefukuzwa na nyuki, akafika kileleni na mapacha, akageuka ili aone uso wa Kinyozi ukishangaa. Hakumwona. Kinyozi alikuwa chini kabisa, anakuja taratibu nyuma ya mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa mfamasia aliyefungua duka pale pembeni. Wakamwita Dokta kwa utani, maana alichouza zaidi kilikuwa dawa ya kikohozi na plasta. Daktari wa kweli ndiye aliyemwambia afanye mazoezi, naye akanunua baiskeli hata kabla ya kujua kuiendesha sawasawa. Alianguka penye mawe, akaanguka pasipo mawe, na kila akianguka alicheka mwenyewe kwanza. Kinyozi alicheka naye, na kicheko kikapanda mlima mpaka kwenye masikio ya Tanuri.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipomkaa.

Tangu siku hiyo akawa hana raha. Akisimama nyuma ya meza yake ya mikate aliona moja kwa moja ng'ambo ya barabara, na ng'ambo ya barabara kwenye kiti cha Kinyozi, mbele ya kile kioo chenye ufa pembeni, amekaa nani? Dokta! Na Dokta ana upara, jamani. Upara unaong'aa, hauna hata unywele mmoja wa kusingizia. Mtu mwenye upara anafuata nini kwa kinyozi?

"Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja, "mteja anataka mkate, wewe unachungulia dirisha. Una nini?"

"Sina kitu. Naangalia tu barabara."

"Barabara imefanya nini?" Mkewe akatazama, akaona, akaguna. "Mh! Unamwonea wivu mzee wa watu asiye na nywele! Si uvuke ukawasalimie?"

"Wana mazungumzo yao," Tanuri akasema, na sauti yake ikamtoka kama ya mtoto aliyenyimwa. Mkewe akacheka mpaka akashika meza, na yeye akakasirika siku nzima.

Basi ikafika siku ya safari kubwa, ile ya kuvuka uwanda wote. Jua lilitoka kali tangu asubuhi. Walipanda vilima vya malisho, wakipita malango ya wafugaji, na desturi ya njia hiyo ni kwamba wa mwisho ndiye anayefunga. Lango la juu kabisa, mwisho wa uwanda, bawaba yake ililegea zamani, kwa hiyo linataka watu wawili: mmoja alinyanyue, mwingine asukume komeo. Kila mwaka hao wawili walikuwa Tanuri na Kinyozi.

Tanuri alikuwa mbele na mapacha. Mapacha, Mungu awape afya, hawakuwa na maneno ila giya na upepo, upepo na giya. Akawaitikia "ndiyo" na "kweli kabisa" huku sikio lake moja liko nyuma. Waliposimama kunywa maji juu ya vilima, Dokta alifika wa mwisho, uso umemwiva, miguu inamtetemeka.

"Samahani, Kinyozi, nakuchelewesha mno," akasema.

Kinyozi akampa chupa ya maji. "Nani kakwambia nina haraka?"

Ala! Tanuri alisikia kama amechomwa sindano. Yale maneno yalikuwa yake. Kwa miaka yote ile alidhani yamefumwa kwa kipimo chake, kumbe yanamwenea yeyote anayehema! Akafunga chupa yake kwa nguvu, akapanda baiskeli bila kumwangalia mtu, akaondoka kabla ya wengine.

Uwanda wa juu ulikuwa wazi, nyasi fupi na vichaka vya kufika gotini, udongo mweusi unaobonyea, na hapa na pale vidimbwi vya maji ya kahawia. Njia ilikuwa nyembamba, ikizunguka miamba. Mapacha wakampita, wakaenda zao. Tanuri akabaki peke yake nyuma ya mwamba mmoja mkubwa, na hapo shetani wake akamkuta. Alichuchumaa, akafungua kizibo cha gurudumu la nyuma, akabonyeza. Upepo ukatoka, tshiii, moyo ukamdunda kama wa mwizi. Alipiga hesabu yake: Kinyozi akimkuta hapa atasimama, Dokta ataambiwa atangulie, nao wawili watakaa kama zamani. Aibu? Aliiona, akaikalia.

Wakatokea.

"Kulikoni?" Kinyozi akauliza.

"Pancha. Mwiba, nadhani."

Kinyozi akatazama uwanda kulia na kushoto. Palikuwa na nyasi, vichaka laini na kuvu ya kijani, basi. "Mwiba," akasema, akaweka baiskeli yake chini. "Haya, tuone. Dokta, wewe—"

"Mimi nakaa," Dokta akadakia, na tayari ameshakaa. "Siku moja nitapata pancha, si nijifunze?"

Tanuri akauma meno.

Kinyozi alitoa gurudumu, akachomoa mpira wa ndani, akaupiga pampu ukajaa. Akaupeleka kwenye kidimbwi, akauzamisha, akauzungusha polepole kipande kwa kipande, macho kwenye maji. Maji yalitulia. Akauzungusha tena, polepole zaidi. Hakuna povu hata la kuombea. Tanuri alisimama ameshika usukani, masikio yanamwaka moto, anaomba hata funza autoboe mpira ule.

"Mbona sioni mapovu?" Dokta akauliza.

"Lipo," Kinyozi akasema. "Hapa. Kadogo sana, ukipepesa macho hukaoni." Akaweka kidole gumba juu ya mahali palipokuwa pazima kabisa, akapakausha kwa kaptula yake, akapasugua na kipande cha msasa, akapaka gundi, akaipuliza, akabandika kiraka. Akakibana kwa vidole viwili bila haraka, kama anavyoshika kichwa cha mtoto asiyetulia kitini. Muda wote huo hakumtazama Tanuri.

"Dokta," akasema gurudumu lilipokwisha rudi mahali pake, "tangulia mpaka langoni. Tunakuja."

Dokta akaenda, akiyumba. Wakabaki wawili, kama Tanuri alivyotaka, naye akatamani ardhi immeze.

"Mbona hukusema?" akauliza.

"Niseme nini, nikuvue nguo mbele ya watu?" Kinyozi alifuta gundi vidoleni. "Una nini wewe?"

Basi likamtoka lote. "Nina wivu, bwana! Sasa umejua. Wivu unanila tangu kiangazi kianze. Yule mwenye upara amekaa nafasi yangu, anacheka kicheko changu, na mpaka maneno yangu umempa."

Kinyozi hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Tanuri.

"Nafasi yako," akasema. "Ulipoiacha ulimuaga nani? Nilikuja safari ya kwanza nina soga za msimu mzima, nimekuwekea. Nikaona mgongo wako tu, unakimbia na wale mapacha. Nikasema haya, mwenzangu amenichoka. Hata mimi nina roho, Tanuri. Nililala nayo hiyo. Mimi nilikuwa palepale nyuma. Aliyeondoka ni wewe."

"Nilifanya mazoezi kwa ajili yako! Nilitaka usinisubiri tena."

"Nani kakwambia nilikuwa nakusubiri? Nilikuwa natembea na rafiki yangu."

Miezi yote ile ya mvua na jasho ikamwangukia Tanuri mabegani kwa mpigo.

Wakaenda mpaka lango la juu. Dokta alikuwa amelishika wazi kwa mikono miwili, linamwelemea, anacheka peke yake. Mapacha walionekana mbali chini, vitone viwili kwenye mteremko. Kinyozi akapita langoni, akatulia kidogo, akawageukia.

"Leo fungeni ninyi," akasema.

Akaachia breki. Loo! Alishuka kama jiwe lililorushwa. Mwili umelala juu ya baiskeli, anakata kona bila kugusa chochote, anaruka mifereji, vumbi linabaki likimtafuta. Kabla hawajapumua alikuwa ameshawapita mapacha, nao wakasimama kumshangaa.

"Kumbe anaweza hivyo!" Dokta akasema.

"Ndiyo kwanza namwona," Tanuri akajibu, na ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo, na hajawahi kuona.

Akanyanyua lango. Dokta akasukuma komeo, likakwama, akasukuma tena, likaingia. Kisha wakaanza kuteremka, Dokta mbele, ameng'ang'ania breki zake kwa hofu, anakwenda mwendo wa konokono, na Tanuri nyuma. Baiskeli ile nyepesi ilitaka kwenda. Ilimvuta kama mbuzi aliyeona majani, ikabidi aibane kila hatua. Kule chini aliona Kinyozi amesimama na mapacha, mmoja anampiga bega, na wivu ukamrudia palepale, mbichi, safari hii kwa mapacha. Akitaka anaweza kuwafikia sasa hivi. Njia ilikuwa pana, Dokta angepitwa tu.

"Samahani, bwana Tanuri," Dokta akasema bila kugeuka, maana aliogopa kugeuka. "Nakuchelewesha."

Maneno yalimjia mdomoni na hakutaka kuyatoa. Aliyashikilia kidogo, kama mtu anayeombwa koti lake.

"Nani kakwambia nina haraka?" akasema.

Uongo mtupu, haraka alikuwa nayo. Lakini Dokta akashusha mabega, akaanza kumsimulia habari za mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka, na mpaka walipofika chini Tanuri alikuwa amecheka, kwa shingo upande, ila amecheka.

Walipofika alishuka, akaona vidole haviachii usukani. Vilikuwa vimekakamaa kwa kubana breki mlima mzima. Akavikunjua kimoja kimoja, akavipigapiga pajani.

"Vidole vimekuwaje?" Dokta akauliza kwa huruma. "Nina dawa ya kuchua."

Kinyozi alikuwa amesimama karibu, chupa ya maji mkononi. Tanuri alimtazama, akavitazama vidole vyake mwenyewe, kisha akamtazama tena, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Aa," akamjibu Dokta, "ni kukanda unga tu, kazi ya kutwa."