Bi Kofia, Nyuki Wamehama

Asubuhi, jua likipenya dirisha la chumba cha kuchujia asali, vumbi la njano huamka. Ni chavua. Imetoka miguuni mwa nyuki, imeingia na nguo zetu, imelala juu ya ndoo, juu ya mizani, juu ya kizingiti. Naifuta. Inarudi. Naifuta tena, Bi Kofia, maana mikono yangu imekataa kukaa bure tangu ulipoondoka.

Jina hilo ulilipata kihalali. Siku ya harusi ya binti yako uliingia ukumbini moja kwa moja kutoka mizingani, kofia ya wavu ingali kichwani, ukawapa wageni mkono, ukawauliza hali, ukakumbatia wakwe, mpaka mumeo akakusogelea na kunong'ona, "Mke wangu, kofia." Ukacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuita vinginevyo, nawe ukaitika.

Mimi nilikuja kwako nikiwa mtu wa haraka. Kiwanda cha unga kilikuwa kimetufungia geti, na hasira nilikuwa nimeibeba mgongoni kama gunia. Nikafungua mzinga wangu wa kwanza kama mtu anayevunja mlango, nikajibiwa papo hapo: jichoni, sikioni, shingoni. Hukunikemea. Uliuparua mwiba kwa ukucha, ukapuliza pale palipowaka, ukasema, "Hapa ni nyumbani kwa watu, baba. Piga hodi."

Na hodi yako ilikuwa hivi: moshi kidogo mlangoni. Kimya. Moshi kidogo tena. Kisha kungoja, kungoja kwako, kungoja kulikonichosha kuliko kubeba magunia, hadi mvumo wa ndani ubadilike, ushuke, ulainike. "Sasa wametukaribisha," ulisema. Nami, niliyekuwa nikiongea kwa kupiga kelele kama mashine bado zinanguruma, nikajifunza kushusha sauti. Hata nyumbani mke wangu akashangaa: "Siku hizi unaumwa?"

Wageni walipokuja kututembelea hukusema huyu namfundisha kazi. Ulisema, "Huyu ni mwenzangu." Ulisema hivyo hata wakati sijui kutofautisha dume na malkia.

Mwanangu alipolazwa, hukuniuliza, "Nikusaidie nini?" Ulikuja wodini mchana, ukavuta kiti, ukaniambia, "Nenda kaoge, unanuka." Ukamsimulia mtoto habari za nyuki wavivu na nyuki wambeya, akacheka na dripu mkononi. Kumbe kabla ya kuja ulikuwa umemaliza kazi yako na yangu. Nilirudi kazini nikakuta masega yote yamechujwa, ndoo zimeoshwa, zimefunikwa, nawe unalalamika kuhusu jua, kana kwamba hakuna lolote lililofanyika.

Halafu ile alasiri.

Tulikuwa tunarina asali. Ukavua glovu, ukaziweka juu ya mzinga, ukasema, "Nipishe, nipate hewa." Ukakaa mlangoni pa chumba cha kuchujia, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, uso juani. Nikaenda kukuletea maji. Niliporudi nilidhani umesinzia. Nilisimama na kikombe mkononi nikisubiri uamke, nisikukurupue, maana wewe ndiye uliyenifundisha kutomkurupua kiumbe. Nilisubiri. Maji yakapata joto. Nyuki mmoja akatembea kwenye mkono wako, toka kidole hadi kiwiko, bila haraka, nawe hukumwambia kitu.

Moyo, daktari alisema. Moyo tu.

Tulikuzika, na watu wakarudi kwenye shughuli zao, na mimi nikashindwa kurudi popote. Nilikwenda mizingani nikatoka. Nilikwenda nyumbani nikatoka. Nilikagua kufuli nililokwisha kulikagua. Niliwasha bomba la moshi bila mzinga wa kufungua, nikalizima, nikaliwasha. "Kaa ule," mke wangu alisema, "chakula hakijakukosea." Nikala nimesimama. Waliponipa pole nilijibu asante kabla hawajamaliza neno, nikageuza mazungumzo, nikauliza mvua itanyesha lini.

Na mumeo, seremala wetu, alipiga nyundo. Toka kunakucha alipiga. Alitengeneza mizinga ambayo hakuna aliyeiagiza, mmoja juu ya mwingine, sakafuni hadi darini, mpaka hana pa kupita. Nilimkuta amekalia mbao, misumari mdomoni. "Nikiacha," alisema kupitia misumari, "nyumba inakuwa kubwa."

Nikashika ubao, akapiga.

Ndipo mzinga wetu wenye nguvu ukahama. Mchana kweupe kundi zima lilimwagika mlangoni kama maji kwenye bomba lililopasuka, likapanda, likazunguka, likafunika jua. Nikakimbia chini yake, uso juu, nikigonga watu. Wakatua kwenye pikipiki iliyoegeshwa mbele ya duka la dawa. Kiti chote, usukani wote: kahawia, inayopumua, inayovuma.

"Pikipiki yangu jamani!" mwenyewe alilia kutoka ng'ambo ya barabara. "Bado sijamaliza hata kuizoea!"

"Leteni petroli," mmoja akasema.

"Umwage petroli kwenye pikipiki, uwashe kiberiti, mbele ya duka langu?" Mwenye duka alikuwa amejifungia ndani, anaongea kupitia tundu la ufunguo. "Akili zako zinakutosha?"

"Basi nani atawatoa?"

Wakatazamana. Na mimi, Bi Kofia, nilitazama huku na huku kumtafuta huyo atakayewatoa.

"Ni wangu," nilisema. "Rudini nyuma. Msiwapungie mikono."

Nikarudi mbio kuchukua bomba la moshi na sanduku. Nikapuliza moshi kidogo. Nikangoja. Nikapuliza tena. Mwenye pikipiki akauliza nangoja nini, nikamwambia nimebisha hodi, akatazama wenzake kama anayetaka shahidi. Nikawanyunyizia maji, nikaleta sanduku chini ya usukani, nikaanza kuwachota kwa viganja, wazito, wenye joto kama nafaka iliyoanikwa. Nikanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, nikasema, "Nipe brashi."

Hakuna aliyenipa brashi.

Mkono ukabaki hewani. Nikaurudisha. Nikaendelea kuchota.

Malkia alipoingia nilijua bila kumwona, kwani walio mlangoni mwa sanduku waliinua mikia, wakapepea mbawa, wakaita, na kundi lote likaanza kuandamana kuingia, kwa miguu, kama watu wanaorudi nyumbani mvua ikitaka kuanza. Watu wakapiga makofi. Mwenye pikipiki alikigusa kiti kwa kidole kimoja, akanusa kidole.

Nikawapeleka kwa seremala, tukawaweka katika mzinga wake mpya kuliko yote. "Ameingia?" aliuliza, akimaanisha malkia. Nikamwambia ameingia. Akaweka nyundo chini. Tukakaa mbele ya mzinga ule hadi jua likazama, tukiwasikiliza, na nikadhani, mjinga mimi, kwamba sasa limekwisha.

Asubuhi wakahama tena.

Sijui harufu ya mbao mbichi, sijui nini. Wewe ungejua, au ungesema hujui kwa namna ya kumtuliza mtu. Walitoka wote, wakapaa juu ya paa. Seremala alisimama na mikono wazi. "Wafuate basi!" akaniambia, na sauti ikamkatika. Nikakimbia. Nikapita ukuta wa shule, nikapita gereji, nikaruka mtaro, kiatu kikabaki. Wakawa wingu, wakawa moshi, wakawa doa, wakawa nukta juu ya nyaya za umeme, kisha pakawa na mbingu tu, safi, haina kitu.

Nilisimama katikati ya mtaa nisioujua, kiatu kimoja mguuni, nahema.

Dobi mmoja alikuwa anapiga pasi barazani. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umeibiwa, ndugu?"

Nikafungua mdomo niseme nyuki. Nikasema, "Nimefiwa."

Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kunitoka, na lilipotoka, miguu iliacha kunidai nitembee. Nikakaa pale pale kwenye ngazi yake. Machozi yakaja bila hodi.

Dobi aliweka pasi juu ya jiwe. Akakunja shati la mteja, akalisogeza, akaja kukaa ngazi moja nami.

"Pole sana. Ni nani wako?"

"Mwenzangu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikajifuta uso kwa mkono unaonuka nta. Nikaanza na harusi, na ile kofia. Dobi akacheka, akaniuliza ikawaje, nikaendelea. Mkaa ukapoa taratibu ndani ya pasi, naye hakuinuka kwenda kuuchochea.